Hoja Isiyopingwa

Mimi ni mtu wa ubishi. Wauza samaki wa sokoni wakiniona kwa mbali hufunika ndoo zao, na mama yangu alikuwa akisema kwamba siku niliyozaliwa nilianza kwa kubishana na mkunga. Nalitaja hili mapema kwa sababu ninaloliandika hapa lilitokea nilipokataa kubisha. Ilikuwa kwa mtu mmoja tu, na huyo ndiye aliyeuhitaji ubishi wangu.

Miaka hiyo foleni za sabuni na unga wa njano zilikuwa zimekwisha. Maduka ya Tanga yalijaa kila kitu, na watu wakaanza kupunguzwa kazini. Walianza na mashamba ya mkonge, wakaja viwandani, mwishowe ikasemwa kwamba na sisi wakufunzi wa chuo cha ualimu tumezidi. Atakayebaki ni mwenye cheti cha mafunzo mapya. Mimi nilikuwa mgeni kazini. Meza ya pili kutoka yangu alikaa mwalimu aliyenifundisha darasa la nne, mtu wa Pangani, ambaye kwa kudura za Mungu sasa mimi naye tuliitwa wakufunzi wenzi. Uwenzi gani! Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo kabla sijaketi.

Mafunzo yenyewe yaliletwa na mama mmoja Myahudi aliyepanga nyumba Raskazone, na Kiswahili chake kiliwashinda wengi wa wanafunzi wetu. Kwao alikuwa akifundisha walimu wa shule za Kiyahudi. Alitueleza kwamba tangu zamani watu wake husoma vitabu vyao wawili wawili, huku wakibishana, na kwamba siku hizi desturi hiyo wameitia kwenye intaneti ili walimu wa mbali nao wajifunze kufikiri. Kupata siku ya kukutana tu ilikuwa kazi: Ijumaa yetu Waislamu, Jumamosi yake, Jumapili ya Wakristo. Tukaangukia Jumatano. Mama yangu aliposikia habari za huyo Myahudi aliuliza kama anakula pweza. Nikamwambia hali, dini yake inamkataza. Akamhurumia sana.

Tulikwenda kwenye duka la intaneti mjini, tukasubiri ukurasa ufunguke polepole mstari kwa mstari. Katikati palikuwa na kisa. Pembeni kila mmoja aliandika maoni yake, na mwenzake alitakiwa aandike anapinga nini na kwa sababu gani. Kisha mwenye maoni ajibu. Alama zilikuwa kwenye lile jibu.

"Hoja isiyopingwa haijasomwa," yule mama alisema. "Asiyepingwa hana la kujibu, nami sitakuwa na la kumpa alama."

Nilimsikia vizuri, sisingizii masikio. Nikapangwa pamoja na yule mwalimu wangu wa darasa la nne.

Kisa kilikuwa cha Nabii Ibrahimu, alipopewa habari kwamba mji wa Lutu utaangamizwa, naye akaanza kuutetea. Hakuna kati yetu aliyekuwa hakijui. Mwalimu aliandika kwa vidole viwili, taratibu: "Ibrahimu mwishowe aliambiwa aache, na mji ukaangamia. Basi bora angenyamaza tangu mwanzo. Kazi ya mja ni kutii."

Niliposoma, jibu lilinijia hapo hapo. Kama Mola hakutaka kuulizwa, kwa nini alimpelekea habari kabla? Aliyekupa habari mapema amekupa na nafasi ya kusema. Nilikuwa nalo ulimini. Nikaweka mikono juu ya herufi, nikaandika: "Mwalimu amesema kweli."

Yeye hakunionea haya. Maoni yangu aliyapinga yote, moja baada ya jingine, akanisahihisha na tahajia. Nami nilimjibu kwa kukiri makosa yangu na kueleza nilikopotea. Kumbe hilo nalo lilihesabiwa kuwa ni kufikiri.

Yule mama aliniandikia: je, sikuona hata neno moja la kupinga? Nilimjibu kwa adabu kwamba sikuona.

Jumatano ya mwisho, tukitoka pale dukani, mwalimu alisimama kivulini akawa anafuta miwani yake ambayo haikuwa na vumbi.

"Mwanangu," akasema, "ile hoja yangu, huna la kuipinga?"

"Nitatazama tena, mwalimu."

"Tazama. Andika lolote. Hata la uongo."

Sasa najua kwamba mtu yule alikuwa ananiomba. Kumwomba mtoto uliyemfundisha kugawanya ni mzigo mzito, naye aliubeba mara ile moja. Nilirudi ndani, nikaufungua ukurasa, nikaandika: "Labda yapo mengine ya kusemwa, ila mwalimu anajua zaidi." Nikatoka nimeridhika. Niliona nimemheshimu.

Vyeti vilipokuja, changu kilikuwamo. Chake hakikuwamo. Orodha ya wanaopunguzwa ilipobandikwa, jina lake lilikuwa la pili. Alikusanya chaki zake, rula yake na kikombe chake, akanipa mkono. Sikuweza kumtazama usoni. Wenzetu walilaumu serikali, wakalaumu Wazungu, wengine wakalaumu Wayahudi, na mimi niliwaacha walaumu. Nafasi yangu kazini niliipata kwa kuwa yeye alinipinga. Yake aliipoteza kwa kuwa mimi sikumpinga.

Ilinichukua miaka kwenda kumwona. Alikuwa na genge dogo mtaa wa Mabawa, mbele ya nyumba ya binti yake, akiuza sukari, chumvi na mafuta ya taa. Alikuwa amekonda. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanikaribisha kwenye benchi. Tuliulizana hali, tukaulizana waliokufa. Nilikuwa nimekuja kumwambia lile jibu, njia nzima nililirudia moyoni kama mtoto anayekwenda kusikilizwa msahafu.

Akanitangulia.

"Ile hoja ya Ibrahimu," akasema. "Mara nyingine huikumbuka. Hivi nilikosea wapi?"

Alinitazama kwa makini, mkono umeshika upawa wa sukari, akingoja, kama alivyokuwa akingoja darasani akijua kabisa kwamba unalijua jibu.

"Hukukosea popote, mwalimu," nikasema.

Akashusha macho, akaniuliza nataka sukari kiasi gani.