Bwawa la Nafula

Juzi niliona watoto wakiogelea kwenye bwawa la hoteli moja mjini Bungoma, nikamkumbuka dada yangu Nafula na bwawa letu kule kijijini Kwanza.

Nafula aliugua, miguu ikakataa kusimama. Muuguzi akamwambia baba kwamba kuogelea huenda kukamsaidia. Baba akachimba bwawa nyuma ya nyumba, tukawa tunalijaza maji ya mvua kutoka kwenye paa. Lakini kiangazi kilipokuja maji yalipungua, yakanuka majani yaliyooza.

Alasiri moja mvua ilinyesha ghafla. Mabati yalinguruma, uani kukanukia vumbi lililolowa. Mapipa ya kukingia maji ya paa yalipojaa, mimi na baba tulibeba maji kwa ndoo tukiteleza.

"Baba, likijaa leo, Nafula atatembea kesho?"

"Beba maji, mama," akaniambia bila kunitazama.

Nilidhani ananihimiza, nikakimbia zaidi. Sikujua kwamba wiki hiyo daktari wa Kitale alikuwa amemwambia baba kwamba miguu ile haitarudi tena.

Mvua ilikatika. Tukamshusha Nafula majini, akaelea.

"Si mnione, bana! Sina uzito!"

Lakini ardhi ilikuwa na kiu kuliko sisi. Maji yalizidi kushuka hadi mgongo wake ukagusa matope.

"Ongezeni basi," akasema.

Mapipa yalikuwa matupu. Baba alipiga magoti matopeni, akapitisha mikono chini yake na kumwinua kidogo, ili adhani bado anaelea.