Kifungu cha Arubaini na Tisa

Enzi zetu pale Ilford, mwishoni mwa miaka ya tisini, Jumamosi ilikuwa na utaratibu wake. Asubuhi madrasa, mchana mchezo wa rede, kukwepa mpira, nyuma ya maegesho ya magari mpaka soli zitoboke, jioni nyumba nzima inanukia iliki kwa vileja, biskuti za mama. Baba, aliyekuwa mwalimu Unguja na karani huku Landani, hakutaka hata kikohozi wakati wa taarifa ya habari. "Subiri dunia imalize kuzungumza," alikuwa akisema.

Skuli nilikaa dawati moja na Hanan. Wazazi wake Wapalestina, na babu yake alikuwa na shamba la mizeituni karibu na Nablus. Mwaka ule walowezi wa Kiisraeli walijengewa nyumba juu ya sehemu ya shamba lile. Hanan alinionyesha picha: mapaa mekundu yamejipanga kilimani, na mizeituni michache iliyobaki nje ya uzio.

Mwalimu wetu wa historia akaitisha mdahalo: je, makazi yale ni halali kwa sheria za kimataifa? Hanan hakutaka kusimama, alijua atalia. Nikasimama mimi. Nilipiga kelele dakika tano nzima, ni dhuluma, ni wizi. Akainuka Oliver, kijana mtaratibu, tai imemnyooka, akauliza jambo moja tu: "Sheria gani imevunjwa?" Nikarudia yaleyale, ni wizi, ni dhuluma. Darasa likacheka. Hanan akainamisha kichwa, na hilo ndilo lililoniuma.

Nilimsimulia baba nikitegemea anipoze. Akasema, "Mwenzako kakuuliza la maana, mwanangu. Hasira yako ni ya kweli, lakini haitoshi."

Jumamosi mbili mfululizo rede nikaisamehe, mimi na baba tukaenda maktaba. Baba alifuata mistari kwa kidole, Kiingereza kigumu kama kokwa, akinifasiria kwa Kiswahili. Tukaupata: Mkataba wa Nne wa Geneva, kifungu cha arubaini na tisa, aya ya mwisho. Dola inayokalia ardhi ya wengine isihamishie raia wake humo. Niliruka kwa furaha. Baba akanivuta nikae. "Sasa tafuta na wao wanasemaje."

Nikamwomba mwalimu turudie. Oliver akaleta hoja za serikali ya Israeli: ardhi ile haikuwa na dola iliyotambulika kuimiliki kabla ya vita vya mwaka 1967, kwa hiyo inagombaniwa tu, tena walowezi wanahamia kwa hiari yao. Safari hii sikupandisha sauti. Nikajibu kwamba mkataba unawalinda watu, hausubiri kwanza ijulikane nchi ni ya nani. Na aya ile haisemi "kwa nguvu", ingawa aya ya kwanza ya kifungu hichohicho inasema. Mataifa mengi, nikaongeza, yanausoma hivyohivyo.

Oliver akaja kunipa mkono. "Hoja hiyo nakukubalia," akasema kiungwana. Kura zikawa zetu.

Hanan alimpigia simu babu yake. Mzee akauliza, "Watoto wa Kiingereza wamekubali?" Akaambiwa ndiyo. "Basi waambieni na wakubwa."

Shamba halikurudi. Wanangu leo, ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, na wanaihukumu dunia nzima kwa kidole gumba kwenye simu kabla chai haijapoa. Ukiwauliza kifungu gani, wanakutazama kama umewaomba stempu. Majaji wa mahakama ya kimataifa nao wameshasema lile tulilolisoma siku zile, na ujenzi kule unaendelea. Zamani nilidhani kuijua sheria na sheria kufuatwa ni kitu kimoja. Sasa najua ni viwili, na cha kwanza bado nawafundisha wanangu, mstari kwa mstari, kwa Kiswahili, hata wakinuna.