Mama Aliyeitwa Nuksi

Nilipokuwa mtoto, kabla hata sijajua kusoma, nilijua jambo moja kuhusu mama yangu ambalo watoto wenzangu hawakulijua kuhusu mama zao, kwamba alikuwa na nuksi. Nuksi yenyewe sikujua ni kitu gani. Nilidhani labda ni kovu lililofichwa na kanga. Tukienda kuoga mtoni nilimkagua mgongo na mapaja, nikaona ngozi tu kama ya watu wengine.

Neno hilo lilikuwa la Bibi Holo, mama yake baba. Mama yangu, Minza, alikuwa ameolewa mara moja kabla, upande wa Geita. Mume wake wa kwanza alikufa akiwa bado kijana, macho yamekuwa ya manjano na tumbo limevimba likawambika kama ngoma. Baba yangu, Luhende, alipomleta Ushetu na kusema huyu ndiye ninayemtaka, Bibi alimwita pembeni akamwonya. Maonyo hayo niliyasikia mara nyingi, maana Bibi mwenyewe hakuchoka kuyasimulia. "Mwanamke aliyezika mume mwenye tumbo," alimwambia, "atakuzika na wewe, na tumbo lako."

Baba alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka, na alimpenda mama bila kuona haya. Wanaume wa kijiji walimtania kwa hilo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, tumeshahamishiwa kwenye kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari, mahame yetu ya zamani yameachiwa nyani. Tulilima tumbaku. Msimu wa kukausha majani baba alikuwa akishinda kwenye bani, banda la kukaushia, akichochea moto na kuchungulia joto, hivyo macho yake yalipoanza kubadilika rangi hakuna aliyejali. Tulisema ni moshi. Mikono ya watu wote nyumbani ilikuwa ya manjano kwa utomvu wa tumbaku, basi manjano haikuwa rangi ya kutisha. Lakini tumbaku ikauzwa, bani likapoa, na macho ya baba hayakurudi. Akaanza kuchoka. Akawa anaketi shambani kabla ya jua kupanda. Kisha miguu ikavimba, na baada ya miguu, tumbo.

Walimpeleka zahanati. Mganga wa pale alimbonyeza ubavu wa kulia, akasema ini limevimba, akamuuliza kama anakunywa sana pombe. Baba hakuwa mnywaji, hata gongo ya msibani alikuwa akiipitisha kwa jirani. Mganga akasema basi yeye hajui, aende hospitali ya wilaya. Kule nako walisema ni ini, wakampa vidonge, wakamrudisha. Nasimulia haya ili ieleweke kwamba hatukukimbilia kwa mfumu kwa ujinga. Tulikwenda kwa sababu wengine wote walikuwa wamemaliza la kusema.

Mfumu ni mtu wa kupiga ramli, na kwetu Usukumani hupiga kwa kuku. Lazima aliye na shida, au mtu wa damu yake, amtemee kuku mate mdomoni, ndipo kuku abebe habari za nyumba. Baba hakuweza tena kutembea. Bibi akanichukua mimi, mtoto wa kwanza wa baba. Tulitoka asubuhi, Bibi mbele, mimi nyuma nimebeba kifaranga ndani ya kikapu. Njia nzima aliniongelesha kwa upole, jambo ambalo halikuwa desturi yake, na nikafahamu kwamba anaogopa.

Mfumu alikuwa mzee mwembamba mwenye sauti ndogo. Sikumwona akitikisa njuga wala kugeuza macho, kama watu wanavyosimulia. Alinisalimu kwa heshima kama mtu mzima, akaniuliza jina, nikamwambia Limi. Akamfungua kifaranga mdomo, akaniambia niteme. Kinywa kilikuwa kimekauka. Alinisubiri bila kunihimiza mpaka mate yakapatikana. Kisha akamchinja, akampasua, akamlaza wazi juu ya jani, akaanza kumsoma kwa ncha ya kisu, kama mwalimu anavyofuata maneno ubaoni kwa fimbo.

Alikaa sana kwenye ini. Mwishowe akasema kwamba ugonjwa huu si wa jana, umelala ndani ya mgonjwa miaka mingi, na umeingia kwa mkono wa mwanamke.

Bibi hakuuliza mwanamke yupi. Alishukuru, akasimama, akanishika mkono.

Kuanzia siku hiyo mama hakuruhusiwa kumpikia baba. Bibi alipika, mimi nikapeleka chakula, na mama akahamishiwa kulala kwenye kibanda cha jiko pamoja na mdogo wangu Masanja, aliyekuwa bado ananyonya. Hakubishana. Asubuhi alimwamkia Bibi shikamoo kama kawaida, na Bibi aliitikia marahaba akiangalia pembeni. Baba alikuwa akiniuliza kwa sauti ya chini, "Mama yako amekula?" Nikimjibu amekula, alifumba macho. Hiyo ndiyo sauti ya baba ninayoikumbuka zaidi, akiulizia watu wengine kama wamekula, na yeye mwenyewe hawezi kumeza.

Alikufa mvua za kwanza zilipoanza. Watu walikuja kwa wingi. Nilimwona mama amekaa peke yake na mkeka wake, na wanawake waliokuja kumpa pole waliitoa wamesimama.

Baada ya matanga hakuna ndugu wa baba aliyetaka kumrithi mama. Walimwambia anaweza kwenda kwao, ila watoto wabaki. Akasema hawezi kutuacha, na hivyo akabaki, mwanamke wa nuksi katika boma la mkwewe, akilima. Kisimani wenzake walimwachia nafasi, na haikuwa ya heshima. Miaka ikapita namna hiyo. Bibi akazeeka. Macho yake yakaingia ukungu, kisha yakazimika, na wanawe wengine wote walikuwa wamehamia mbali. Aliyebaki kumwogesha na kumwongoza chooni akawa mama.

Mimi nilisoma, nikawa mwalimu Shinyanga mjini. Masanja hakupenda shule, alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita, kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji wadogo, akawa anakuja na kutoweka. Mwishoni mwa miaka ya tisini alinibishia hodi asubuhi moja, nikafungua, nikamwona. Hakuhitaji kuniambia. Macho yalikuwa yale ya baba. Shati lilikuwa limemkaba tumboni.

Nilijua watu wangesema nini, na nilikuwa nimeshachoka kabla hawajasema. Nikampeleka hospitali. Daktari, mama mmoja wa makamo mwenye subira, alimpima, kisha akaketi akatuuliza habari za wazazi. Nilipomweleza kuhusu baba, na kuhusu mume wa kwanza wa mama, akaacha kuandika. Akasema angependa kupima damu ya Masanja, na yangu, na ya mama pia.

Mama akaja kutoka Ushetu na kitambaa chake kichwani. Alinyoosha mkono, akatazama damu ikipanda kwenye bomba la sindano. Damu ikapelekwa Mwanza, kwa kuwa kwetu hakukuwa na vifaa, tukangoja wiki nyingi. Majibu yalipokuja daktari alituita sote watatu, akafunga mlango.

Alieleza polepole, kwa Kiswahili chepesi, ili mama asiachwe nyuma. Kuna kirusi kinachokaa katika damu na kulichoma ini kidogo kidogo. Mtu analima, anacheza ngoma, anazaa, naye hana habari. Ini linavimba, linapona kwa makovu, linavimba tena, mpaka makovu yanakuwa mengi kuliko ini. Ndipo macho yanageuka na tumbo linajaa maji. Wengine hukaa nacho hadi uzeeni kisiwadhuru. Sisi sote watatu tulikuwa nacho. Kwa Masanja kilikuwa kimekwenda mbali. Dawa ya kukiondoa hakuwa nayo, wala hakuficha. Angeweza kumpunguzia maji na kumkataza pombe, na sisi wengine turudi kupimwa mara kwa mara.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kinapita kwa mume na mke?"

Daktari akasema kinaweza.

"Basi mama mkwe wangu alisema kweli. Niliwaua."

Daktari alisogeza kiti karibu. Alisema mtu akikipata ukubwani, mara nyingi mwili wake hukifukuza. Wanaokaa nacho maisha yote, kikawamaliza, wengi wao ni waliokipata wachanga. "Waume zako hawakupimwa, kwa hiyo siwezi kuapa," alisema. "Lakini kwa ninavyouona ugonjwa huu, walikuja nacho kwako, kama na wewe ulivyokwenda nacho kwao."

"Walikitoa wapi?"

"Mara nyingine kwa watoto wenzao. Mara nyingine kwa mama zao, wakati wa kuzaliwa."

Nilidhani mama anahesabu miaka yake ya jikoni, na moyo wangu ulikuwa unaruka kwa furaha mbaya, maana nilikuwa nimeshaelewa maneno ya daktari yanamwelekea nani. Lakini yeye alikuwa anatutazama mimi na Masanja.

"Na hawa wangu?"

Daktari akasema huenda ni hivyo hivyo, na kwamba asijilaumu, hakuna aliyemwambia na hakukuwa na wa kumwambia. Mama akaitikia kwa kichwa. Akajifunga kitambaa upya ingawa hakikuwa kimelegea.

Niliomba ruhusa shuleni nikamsindikiza Ushetu. Njiani nilikuwa napanga maneno. Nilitaka nimkalishe Bibi chini nimweleze, taratibu, neno kwa neno, kwamba huenda kilichomuua mwanawe kilitoka kwenye mwili wake mwenyewe. Nilimwambia mama hivyo. Nilidhani atafurahi.

"Asiambiwe," alisema.

Nikamuuliza kwa nini, baada ya yote yale.

"Mimi nimeambiwa juzi, Limi. Najua lilivyo zito. Yeye ana miaka mingapi ya kulibeba?"

Tulifika jioni. Bibi alikuwa ukumbini, amegeuzia uso mlango kwa kusikia miguu yetu. Mama hakupumzika. Alisonga ugali laini, akaumiminia maziwa ya mgando, akaketi chini akaanza kumlisha kwa vidole, tonge dogo dogo. Bibi alikula kidogo, kisha akauliza wamesema nini kuhusu Masanja.

"Wamesema ni ini, mayu," mama alijibu. Mayu ni mama, kwa Kisukuma.

"Kama la baba yake."

"Kama la baba yake."

"Na wewe wamekupima?"

"Wamenipima. Wameukuta na kwangu."

Bibi alitafuna taratibu kwa ufizi. Uso wake haukuonyesha ushindi, hilo nitamshuhudia. Ulionyesha tu kuchoka. "Nilisema," alisema.

Nilifungua mdomo. Mama alinitazama, nikaufunga.

"Ulisema, mayu," alijibu, na kumpa tonge jingine.

Masanja alituacha mwaka uliofuata. Mimi bado nipo, nimestaafu, na nimepimwa mara nyingi kiasi kwamba wauguzi wapya hunikuta nimeshakunja mkono wa gauni. Siku hizi zipo dawa za kukituliza, na watoto wanachanjwa. Wajukuu zangu wamechanjwa wote, nami huulizia kila kadi.

Kwa muda mrefu nilimkasirikia mama kwa jioni ile. Nililiona neno lake kama unyonge, mazoea ya mtu aliyeinamishwa mno. Nilizaa wangu, wakapimwa, na mmoja wao akakutwa nacho. Siku hiyo nilitoka hospitali nikaketi kwenye ngazi za nje, nikashindwa kusimama, na nikatambua kwamba mama aliketi mahali kama hapo, kisha akainuka, akapanda gari kwenda Ushetu kumlisha mwanamke ambaye yeye alikuwa na haki kamili ya kumwangusha. Jina la nuksi lilikuwa limemwandama tangu ujana wake. Siku ile alikuwa na njia ya kulitua, na ya kulitua kichwani pa mwingine. Akalibeba tu.

Bibi Holo alikufa akiamini alilosema. Mama ndiye aliyemwosha.