Unyayo wa Mzee Ngusa

Kila Alhamisi, siku ya somo la kisukari, Asteria humaliza kazi viatu vikimbana. Yeye ni muuguzi wa wodi ya wanaume huku Kishapu. Runinga huwashwa ukutani, wagonjwa husogeza viti, na Daktari Donatus hutokea akiwa Mwanza, akifundisha watu asioweza kuwagusa. Mtandao ukikwama hubaki mdomo wazi, na Asteria ndiye humalizia sentensi. Amezikariri, hata usingizini anazisema.

Siku hiyo walifundishwa miguu.

"Sukari inaua hisia," alisema daktari. "Unakanyaga mwiba na hujui. Kwa hiyo kila jioni mtu akuangalie nyayo. Mzee Ngusa, nyumbani unaishi na nani?"

"Na mkamwana wangu, Limi. Mumewe, mwanangu Ndaki, yuko machimboni Geita."

"Basi vizuri! Limi akukague, mpaka katikati ya vidole."

Mgonjwa mmoja akakohoa, mwingine akageukia dirishani.

"Ndiyo, daktari," alisema Mzee Ngusa kwa adabu zote.

Asteria alishusha pumzi. "Ndiyo" hiyohiyo aliisikia mwaka jana, na mzee akarudi na kidonda, vidole vya mguu wa kushoto vikakatwa. Sasa mguu mzima uliobaki ni wa kulia. Daktari ni mtu mwema, ila hajamwona Limi akileta uji. Huuweka mlangoni, hupiga goti akitazama pembeni, kisha huyo anaondoka kabla mkwewe hajafunua blanketi. Mtu wa namna hiyo ashike unyayo wa baba mkwe?

Runinga ilipozimwa, Asteria alikaa ukingoni mwa kitanda, ingawa hairuhusiwi.

"Baba, ile ndiyo yako ni ya kweli?"

"Ningembishia daktari mbele za watu, mayu, mama yangu?"

"Limi apige picha kwa simu, basi."

"Picha si atapiga kwa macho yale yale?"

"Na mguu ukikatwa?"

"Utakatwa. Lakini nyumba yangu itabaki na heshima."

Asteria alichoka kabisa. Akawaza, akawaza, hatimaye akauliza, "Yupo mtu anayeweza kukutania? Hata kukutukana usikasirike?"

Mzee akacheka, mara ya kwanza tangu alazwe. "Huyo ni mmoja tu. Mariana, shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu. Anakaa ng'ambo ya shamba letu la pamba. Mwendawazimu yule, ananiita mume wake!"

Asteria akamwita kwa simu, na kesho yake Mariana akaingia na sauti yake.

"Mume wangu! Kumbe unanificha miguu? Mguu huu naujua tangu ulipokuja kumposa dada. Ulikuwa umeazima viatu, ukachechemea kama jogoo aliyefungwa kamba!"

Wodi nzima ilivunjika mbavu. Asteria akamfundisha: maji ayapime kwa kiwiko, vidole avikaushe, aangalie kwa tochi, mzee asitembee pekupeku. Mariana aliyasikiliza yote huku akimsonya mgonjwa.

Mzee akaruhusiwa kwenda nyumbani. Alhamisi iliyofuata yeye na shemeji yake walijiunga na somo kwa simu ya Mariana, na unyayo wa Mzee Ngusa ukajaa runinga, umepasuka kama ardhi ya kiangazi.

"Sista, hapa pana kitu cheusi," alisema Mariana. Hakutania.

Ulikuwa mwiba. Ulikuwa umetoboa katambuga, vile viatu vya tairi, ukaingia na kukatikia ndani.

"Bonyeza pembeni taratibu," alisema daktari. "Mzee, unasikia?"

"Nasikia nini?"

Hakuna aliyecheka.

"Ni wa leo, daktari," alisema Mariana. "Jana jioni haukuwepo, nilipaangalia."

"Basi tumeuwahi. Usiuchokonoe. Mpelekeni hospitali sasa hivi."

Nje ya picha, mbali kidogo, ilisikika sauti nyembamba ya Limi: "Mama mdogo, pikipiki nimeshaiita. Inakuja."

Hakusogea karibu. Asteria alivaa viatu alivyokuwa amevivua chini ya meza, akaenda kuandaa trei ya kusafishia vidonda. Zamu yake ilikuwa imekwisha zamani.