Vidole Vinavyoamka Saa Nne

Watu wa kwetu Runyenjes wanaheshimu ugonjwa unaoonekana. Vunjika mguu ufungwe plasta, utaletewa ndizi na maziwa na kuombewa hadi uchoke. Lakini uwe na miaka thelathini na minane, mashavu yamejaa, halafu useme viungo vinakuuma kila siku ya Mungu, watakutazama kama mtu anayeomba ruhusa ya kukaa bure.

Daktari wa Embu aliniambia ni baridi yabisi, kwamba kinga ya mwili wangu imenigeukia na inashambulia viungo. Majirani walisikia neno baridi tu, wakaniambia nivae sweta. Mmoja alinishauri niache nyama, mimi ninayeionja Krismasi. Shemeji yangu alinichapa magoti kwa majani ya kuwasha hadi yakavimba zaidi, kisha akaniuliza kama nimepata nafuu. Nilimwambia nimepata, ili aende kwake.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba una saa zake. Asubuhi vidole vyangu hukakamaa, siwezi kushika hata kijiko. Ikifika saa nne vinaanza kulegea, na alasiri naweza kubeba kabichi kutoka sokoni, maumivu yakiwa yanavumilika. Kabichi hizo ndizo zilizoniponza.

Tulikuwa wanawake tisa katika kundi letu la kuchuma kahawa. Leo tunachuma kwa huyu, kesho kwa yule, na kazi huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi ili kahawa ichambuliwe na kufika kiwandani siku hiyo hiyo. Anayechelewa mara tatu anatolewa. Mimi nilikuwa nimechelewa mara mbili. Mume wangu anafanya kazi Maua na huja mwisho wa mwezi, kwa hiyo nikitolewa, kahawa yangu ingeiva, ikakauka na kuanguka huku naitazama. Karo ya watoto wawili walio shule ya bweni ilikuwa juu ya miti ile.

Nilijaribu kumweleza mwenyekiti wetu, mama mmoja aliyezaa wanane na hajawahi kulala baada ya jogoo kuwika, jambo analolitangaza bila kuulizwa.

"Na jana mchana si nilikuona na kabichi?" alisema. "Hiyo ni ugonjwa gani inaangalia saa? Wewe sema tu umezoea kulala."

Wengine walicheka. Niliwachukia wote wanane, mmoja mmoja, kwa mpangilio wa walivyokaa.

Zamu ya kuchuma kwangu ikafika Jumanne. Niliamka saa kumi ili niipe mikono muda. Nikaiweka juu ya sufuria ya maji moto, nikavaa gauni kwa meno na viwiko, nikasimama mlangoni nimejiandaa kama bibi harusi. Tatizo lilikuwa kitasa. Mume wangu alikuwa ameweka kipya kwa sababu ya wezi wa kahawa, na ufunguo wake ulikuwa mgumu kuzunguka. Usiku, vidole vikiwa hai, nilikuwa nimejifungia vizuri kabisa. Sasa niliubana ufunguo kwa viganja vyote viwili, nikasukuma, na maumivu yakanipanda hadi kwenye meno. Haukuzunguka.

Nikawasikia wakifika na ndoo zao.

"Ata kwake mwenyewe amelala," mwenyekiti alisema. "Hii sasa ni mara ya tatu."

"Sijalala," nilisema kutoka ndani. "Nimeshindwa kufungua."

Mtu akacheka kidogo. Nikauchomoa ufunguo kwa meno, nikautemea mkononi, nikausukuma kwa kifundo cha mkono kupitia nondo za dirisha. Ulianguka kwenye matope. Nilikuwa nalia, na sikulia kwa uchungu wa vidole. Nililia kwa hasira ya kuwaomba watu wale mlango wangu mwenyewe.

Mwenyekiti alifungua kwa mkono mmoja. Akanitazama: gauni limefungwa kifungo kimoja kati ya saba, leso imening'inia, vidole vimevimba na kupinda. Wengine walichungulia nyuma yake. Akaweka ndoo chini akaanza kunifunga vifungo kutoka chini kwenda juu, bila haraka. Mmoja wao akaanza kusema "Pole, maskini," kwa ile sauti ya matanga, nikamkatiza.

"Pole sitaki. Nataka kazi ya mchana. Nyinyi mchume asubuhi, mimi nichambue kahawa ya kila mtu kuanzia saa sita. Mbichi na nyeusi nitoe zote, peke yangu."

Kazi ya kuchambua hakuna anayeipenda. Walitazamana, na niliona wazi kwamba uvivu wao ulikuwa unanitetea kuliko huruma yao.

"Sawa," mwenyekiti akasema. Alifika kifungo cha juu, akasita. "Na inauma sana?"

Miaka minne nilikuwa nimepewa ushauri na kila mtu tarafa nzima. Hilo swali hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Sana," nilimjibu. "Sasa nendeni mchume, jua linapanda."