Mahali pa Kuanika

Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa nimeshona sare za shule, vitambaa vya altare na magauni ya kipaimara kibarazani kwangu Sumbawanga, kabla mtu yeyote hajaniomba nishone pedi. Aliyeniomba alikuwa dada mmoja wa shirika la misaada, mwembamba, mwenye kizibao cha mifuko mingi, ambaye katekista wetu alimleta hadi mlangoni. Akanieleza kwamba vita vimewatoa watu makwao ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na familia kadhaa zilikuwa zimevuka kwa maboti ya mizigo mpaka Kasanga. Zilikuwa zimewekwa kwenye uwanja karibu na ufuko, zikisubiri kupelekwa kambini. Zilishapewa turubai, mikeka, ndoo na sabuni za mche. Sasa wanawake walihitaji vitambaa vya kutumia siku zao, vya kufua na kurudia.

Alinitolea mfano kwenye bahasha. Kilikuwa kitambaa cheupe, laini, kimejazwa ndani, kina mbawa mbili za kufungia. Nilikipokea haraka nikakiweka chini ya meza, maana wateja walikuwa wanapita.

Jioni nilimwonyesha mama yangu, ambaye naishi naye tangu nifiwe na mume wangu. Alikipapasa kwa vidole, kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri, akaniuliza kwa Kifipa ni kitu gani. Nilipomwambia akasema wao walitumia vipande vya blanketi kuukuu, na hakuna aliyekuambia chochote. Uliona tu na ukajifunza kunyamaza.

Nilishona kwa wiki tatu. Sikuwajua wale wanawake, ila nilikuwa nikiwafikiria kila nikikanyaga cherehani, na kwa sababu hiyo nilishona kama ninavyoshona vya altare: mshono mdogo, ulionyooka, uzi umekatwa safi. Mzigo wa kwanza ulipoondoka nilijisikia vizuri, nisifiche. Wa pili ulipokuwa tayari, yule dada aliniambia gari linashuka Kasanga siku ile ile, na kama napenda naweza kwenda kuona kazi yangu ilikofikia. Nikafunga kibaraza, nikamwacha mama kwa jirani.

Nilitoka na sweta, maana Sumbawanga asubuhi ile ilikuwa na ukungu. Tulipoipita Matai na barabara kuanza kuteremka, nililivua. Tulipofika ziwani nguo ilikuwa imenigandia mgongoni.

Uwanja ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Turubai zilipangwa safu mbili zikitazamana, bomba la maji moja katikati, na watu wamekaa kila mahali kwa sababu hapakuwa na pengine pa kukaa. Kitu cha kwanza nilichokitambua kilikuwa shingoni mwa mtoto mchanga. Mama yake alikuwa akimlisha uji, na uji ulikuwa ukidondokea kwenye pedi yangu, mbawa zimefungwa vizuri kabisa nyuma ya kisogo. Hatua chache mbele, mwanamke mwingine aliipua sufuria motoni kwa pedi mbili, moja kila mkono.

Nilicheka. Kisha nikaumia. Kila niliyemuuliza kama vitambaa vinamfaa alinishukuru sana, akaniombea kwa Mungu, akageuzia maneno pembeni.

Mwisho wa safu ya pili alikuwa amekaa mwanamke wa rika langu, anafumua pindo la gauni kwa wembe. Alivyoushika ule wembe nilijua ni fundi mwenzangu. Na yeye aliniangalia vidole kabla ya kuniangalia usoni, akaniuliza kama ni mimi niliyeshona. Nilipokubali alichukua pedi moja kwenye mfuko wangu, akaigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya mshono, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Bitambaa bizuri, mama," akasema kwa Kiswahili cha kwao. "Lakini tutabianika wapi?"

Nilikaa chini kwenye mkeka wake, naye akanieleza bila kuninyooshea kidole. Wanawake walikuwa wakioga alfajiri, wakiwa wamezungushiana vitenge. Kufua walifulia bombani, mbele ya kila mtu. Kamba za nguo zilifungwa kati ya turubai na turubai, wanaume wakipita chini yake siku nzima, na kitambaa cheupe hata ukikifua vipi hubaki na alama. Waliojaribu walivianika chini ya mkeka, havikukauka, wakapata muwasho. Basi wakaona afadhali vimfae mtoto.

Halafu akashusha sauti, akaashiria kwa kidevu ndani ya turubai. Binti yake alikuwa humo. Alivunja ungo siku zile zile walizokuwa wakikimbia, na tangu hapo, kila siku zake zikifika, hatoki nje, hata kupanga foleni ya chakula hataki. Hii ilikuwa siku ya tatu.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Kwa sababu mambo hayo yote niliyajua. Nilipokuwa msichana, kwetu Msanzi, nilikuwa nikificha vyangu chini ya godoro, na nakumbuka harufu ya ule unyevu. Wiki tatu nilikuwa nimeshona kwa uangalifu wote ule, na sikuwahi hata mara moja kujiuliza vitaanikwa wapi.

Nikamwita yule dada wa shirika, na mwanamke akarudia mbele yake. Mwanamke huyo alikuwa ameshalifikiria jambo lote. Alitaka ua upande wa nyuma, mbali na njia, wenye mlango mmoja, na ndani yake mahali pa kuogea, mahali pa kufulia na kamba zinazopigwa na jua. Alikuwa nalo kichwani tangu wiki ya kwanza, hakujua amwambie nani.

Dada aliandika yote. Lakini akasema turubai zimetolewa moja kwa kila familia na zimekwisha. Angeomba nyingine, na zingechukua muda. Mwanamke akajibu kwamba wifi yake yuko turubai ya jirani, watalala pamoja, na ya kwake ichukuliwe. Dada akamweleza kwamba kanuni haimruhusu kuiacha familia bila paa lake, na kama mkaguzi akija ni yeye atakayeulizwa.

"Andika kama nimehama," mwanamke akasema.

Dada akafunga daftari lake. Alisema yeye atakwenda kuangalia bomba, na kwa kuwa bomba lina matatizo mengi huenda asirudi upande huu mpaka saa kumi.

Tukaanza saa ile ile. Mama mmoja wa pale Kasanga, mwanika dagaa, ambaye kiwanja chake kilipakana na uwanja, alikuja kuuliza tunachimba nini. Alipoambiwa alirudi kwake, akaja na mtaimbo na mzigo wa matete aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya jiko lake. Akasema mwenyewe amechoka kuwaona wanawake wanaoga kama wezi. Tulichimba mashimo, tukasimamisha fito, tukafunga matete kwa kamba. Wengine walibeba mawe bapa kutoka ufukoni, tukayapanga chini ili watu wasioge kwenye tope, na tukachimba mfereji wa kupeleka maji kwenye shimo. Turubai ya yule mwanamke tuliizungushia upande unaotazama njia. Gari lilirudi Sumbawanga bila mimi. Nililala kwa yule mama wa dagaa, naye akanipa kanga ya kulalia na kunipikia samaki wa ziwani, migebuka, kama mgeni aliyetarajiwa.

Siku ya pili, jua likiwa limepanda, kamba zilikuwa zimefungwa. Mwanamke akaenda turubaini kwa wifi yake, akainama mlangoni, akaongea na binti yake kwa lugha yao. Aliongea muda mrefu na sauti haikupanda. Binti akatoka amejifunga kitenge mpaka kwapani, ndoo mkononi, macho chini. Alikuwa mrefu, mwembamba, shingo kama ya mama yake. Akaingia uani, akafunga mlango wa matete nyuma yake.

Tulikaa nje, sisi watu wazima kama saba. Tulisikia maji yakimwagika, yakinyamaza, yakimwagika tena. Alikaa sana humo ndani. Ndoo ilipoisha maji aliitoa juu ya mlango, mkono tu ukionekana, mama wa dagaa akaijaza na kumrudishia. Alipotoka nywele zilikuwa zimelowa na uso umekunjuka. Alikuja akakaa katikati yetu, bega lake kwenye bega langu, ingawa hakunijua, akaanza kula muhogo aliowekewa na mama yake.

Mchana huo mimi na yule mwanamke tulifanya kazi ya ufundi. Alichukua kipande cha mkaa, akachora juu ya boksi. Mfano wake haukujazwa kitu ndani. Ulikuwa kitambaa kipana kama leso, cha kitenge chenye rangi nzito, unakikunja mara tatu ukitaka kukitumia na kukikunjua ukitaka kukianika. Kikiwa juani kinakauka upesi, na hata mtu akikiona ataona kitambaa tu. Niliuliza kuhusu pembe, akanionyesha. Nikabisha kuhusu upana, tukapima, nikaona alikuwa sawa. Aliniambia alikuwa na mafundi wawili chini yake huko kwao, na cherehani tatu, na kwamba alipofunga mlango alichukua mkasi peke yake.

Niliporudi nyumbani nilimwambia dada sitashona tena vyeupe. Nilishona kwa mfano ule wa mkaa, mzigo baada ya mzigo. Turubai nyingine zilikuja baadaye, familia ikapata paa lake, lakini ua ulibaki, na wakaongeza wa pili.

Mabasi ya kuwapeleka Kigoma yalipokuja, dada alinipigia simu, nikashuka kuwaaga. Binti alinijia mbio, akasimama, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

Kwao hawaamkiani hivyo. Alikuwa amejifunza kwa watoto wa Kasanga. "Marahaba, mwanangu," nikamwambia, nikamshika mkono nikamwinua.

Mama yake alinipa kifurushi. Alikuwa ameunga kwa mkono vipande vilivyobaki vya vitenge, akatengeneza kijishuka cha viraka, cha kumfunika mama yangu magotini, kwa sababu nilimwambia jinsi Ufipa kunavyopoa. Tulishikana mikono mpaka dereva akapiga honi. Basi lilipokwisha kupanda kilima, mama wa dagaa aliingia uani, akaanza kufungua kamba zilizoachwa, akizikunja moja moja, huku anajifuta macho kwa kanga.

Mama yangu alikipokea kile kijishuka akiwa amekaa karibu na jiko. Alipapasa mshono mmoja mmoja, mbele na nyuma. Akasema kwa Kifipa kwamba huyu alifundishwa vizuri. Akaniuliza sasa yuko wapi, nikamwambia yuko kambini, kaskazini.

"Ana watoto wangapi?" akauliza.

Tulikuwa tumeongea siku nzima kuhusu upana na pembe na aina ya uzi, na hilo sikuwa nimemuuliza.

"Mmoja ninayemjua," nikasema.

Mama alikivuta kijishuka juu ya magoti, akakilaza vizuri, nami nikaongeza mkaa jikoni.