Shemeji Anataka Kunichukulia Watoto kwa Sababu Jumamosi Nawatembeza

Admin, jina langu lifiche, na la mume wangu pia, maana hapa Bukavu tunajuana. Nina miaka 33, nakaa Kadutu na watoto watatu. Mkubwa ana miaka minane, tumwite Neema. Wa pili ana mitano, tumwite Heri. Kadogo ana mitatu. Andikeni mnachotaka kwenye commentaire, mimi matusi yote nimeshayasikia kwa wakwe zangu.

Mume wangu ni dereva. Siku zile vita vinasogea mjini, ofisi yao ilimtuma apeleke dawa Sange. Simu yake ikazima akiwa huko, na mpaka leo haijawaka. Baadaye mtu mmoja akaja kusema aliona gari limeungua njiani, la rangi kama ya lile la ofisi. Nikamwuliza: ulimwona mtu? Hapana. Ulisoma plaque, namba ya gari? Hapana. Basi, gari limeungua, na kwa gari hilo wakwe zangu wakamzika mume wangu.

Wakaamua tuweke matanga. Kwao msiba ukiingia, watu wanalala kwenye mikeka, radio inanyamaza, na mjane hatoki uani mpaka matanga yaanuliwe. Nilikataa. Si kwamba naidharau desturi yao, baba mkwe alipofariki nilikaa kwenye mkeka ule mpaka mgongo ukaniuma. Lakini yule nilimwona akiteremshwa kaburini. Huyu nimeonyeshwa nini?

Sasa niwaambie kosa langu. Mume wangu alikuwa na kawaida ya kutembeza watoto kila Jumamosi, matembezi ya bure kabisa. Kabla ya kutoka aliwapanga mlangoni na kupiga kelele: "Onyesha mifuko! Mwenye iko na kitu mu mufuko, anabakia!" Wote wanageuza mifuko nje, na yeye pia, mtu mzima na suruali yake ya kazi. Alisema ukitoka na pesa, matembezi yanageuka kilio cha biskuti. Majirani walitucheka sana.

Tulikuwa tunashuka mpaka kwenye kanisa kubwa kusikiliza kwaya ikifanya mazoezi, halafu Muhumba, mtaa wa matajiri, kuchagua nyumba. Ndiyo, kuchagua! Kila mtoto anachagua nyumba ya tajiri na kutueleza atalala chumba gani. Mwisho tunaenda bandarini, ziwani, kuona boti zikishusha watu na mizigo, mbuzi mmoja akikataa kushuka, watoto wanacheka njia nzima ya kurudi.

Risasi zilipolia mjini, Heri aliingia chini ya kitanda. Risasi zikanyamaza, yeye akabaki huko. Anakula huko, anajikojolea huko, neno hasemi. Nilimbembeleza, nikamwombea, nikamtisha, bure. Jumamosi moja asubuhi kukiwa kimya, nikasimama mlangoni, nikageuza mifuko ya koti langu, nikapiga kelele kama baba yao: "Onyesha mifuko!" Nikasikia kitanda kinagongwa. Heri akatoka na vumbi kichwani, mifuko yake iko nje.

Tangu siku hiyo tunatoka. Wakipiga risasi tunakaa, wakinyamaza tunashuka. Muhumba nyumba nyingi zimefungwa, wenyewe wamekimbia. Kadogo akaniuliza: "Maman, benyewe babo haiko. Juu ya nini hatuingie?" Nilicheka barabarani kwa sauti, mimi mwanamke ambaye mume wake hajulikani aliko. Kuna mtu aliniona nikicheka, akapeleka habari Kalehe, kwa wakwe zangu, safari ya boti kutoka hapa.

Mama mkwe akanipigia simu. "Maman Neema, banasema uko unatembeza batoto ku port. Uko mu fête, mu karamu? Mutoto yangu amekufa, weye unacheka mu barabara?"

Nikamjibu kwa heshima: "Maman, mi siyaona maiti. Mutu mwenye siyaona maiti yake, nitamulilia namna gani?"

Alilia, na mimi nikalia, maana ni mama yake. Ndipo shemeji, mdogo wa mume wangu, akamnyang'anya simu. "Batoto ni ba kwetu. Kama hautaki kuikala matanga, samedi niko nakuya na boti kubachukua. Bataikala huku na koko yabo, mama yangu. Unigojee ku nyumba, na batoto bakuwe tayari."

Nimeuliza wakubwa wa familia yangu. Wanasema kwa desturi watoto ni wa ukoo wa baba, nikae tu kwenye mkeka kidogo, yaishe. Kidogo! Nikikaa kwenye mkeka ule nitakuwa nimemwambia Heri kwamba baba yake amekufa, na mimi sijui kama amekufa. Atarudi chini ya kitanda. Na mume wangu akitokea kesho amekonda, ndevu zimemjaa, nimwambie tulishamaliza kukulilia? Sikai. Siku nitakayoonyeshwa kaburi nitalia mpaka Kalehe wanisikie, mkeka nitautandika mwenyewe.

Leo ndiyo hiyo samedi yake, Jumamosi. Neema amenisikia kwenye simu, ameniuliza: "Maman, Tonton anakuya kutubeba?" Nimemwambia avae viatu.

Ndugu zangu, nishaurini haraka. Nimngojee shemeji nyumbani na nguo za watoto kwenye mfuko kama alivyoniagiza? Au niwashushe bandarini, boti yake ikifika atukute tumesimama pale wanne, mifuko yetu nje, aje anichukulie watoto mbele ya watu wote? Jibuni, lakini neno mkeka msilitaje. Viatu wameshavaa, na Heri yuko mlangoni ananiita nionyeshe mifuko yangu.